Mzigo Umeingia Lini? Kisa cha Shada la Mama Mkwe

Jumatatu moja ya Oktoba, usiku, mdogo wangu alinipigia simu. "Dada shikamoo. Nataka maua, lakini mabichi, siyo ya plastiki. Jumamosi tunamuaga mama mkwe. Ninunue wapi?"

Mama mkwe wake ni muuguzi. Alikuwa ametimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, na watoto wake walipanga chakula nyumbani kwake Nkuhungu, hapa Dodoma, saa nane mchana, baada ya sala fupi. Mdogo wangu ndiye mkwe wa kwanza katika familia ile. Kwenye kikao cha maandalizi alisema mbele ya watu wote kwamba maua ni juu yake, akatenga shilingi 80,000. Mimi alinitafuta kwa sababu nimepamba altare ya kanisa letu kwa miaka mingi, na maua ya altare hayana huruma. Ukikosea Ijumaa, kanisa zima linaona Jumapili.

Nilimuuliza kwanza kwa nini ang'ang'anie mabichi, maana mji huu wenyewe hausaidii. Akaniambia jambo alilolisikia kwa mkewe. Mama huyu amevishwa mashada ya karatasi za kung'aa kwenye kila mahafali ya watoto wake, na yote yamening'inia pembeni ya kabati yakila vumbi. Lakini kazini, wodi ya wazazi, alikuwa akichuma bogonvilea kwenye uzio wa hospitali, anaziweka kwenye glasi dirishani ili mama aliyejifungua akiamka aone rangi. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuna aliyemletea hata ua moja bichi. Baada ya kusikia hivyo sikumshawishi tena abadili zawadi.

Sasa, wapi?

Anayetaka kununua maua Dodoma aanze na jiografia. Mji uko kwenye uwanda mkavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na Oktoba ni kipindi ambacho jua na upepo vimekwisha kukausha kila kitu. Zabibu zinaikubali hali hii. Waridi la kukata kwa biashara halijapata makazi hapa. Maua mengi tunayoyaona kwenye ndoo za mjini yanatoka kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, ambako chini ya Mlima Meru usiku ni wa baridi, udongo ni wa volkano, na uwanja wa ndege wa KIA uko karibu kwa mashamba yanayouza Ulaya. Yanayoletwa kwenye masoko yetu ya ndani mara nyingi ni yale yaliyokosa daraja la kusafirishwa nje, kikonyo kimekuwa kifupi mno au kimepinda kidogo. Hilo lisimtishe mnunuzi. Kikonyo kifupi si dalili ya uzee, na kwa shada la kushika mkononi urefu wa sentimita 40 unatosha kabisa.

Kwa hiyo ua linaloingia Dodoma limeshakatwa, limefungwa, limesafiri zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa, kwa ile lami iliyozinduliwa mwaka 2018. Likiingia mjini, umri wake umeshaanza kuhesabika. Nilimwambia mdogo wangu kwamba swali lake la "wapi" lisubiri. Kila muuzaji tutakayemwendea tutamuuliza jambo moja: mzigo umeingia lini? Jibu lake, na namna anavyolijibu, ndivyo vitakavyotuchagulia duka.

Jumatano mchana tulitoka pamoja.

Tulianzia kwenye duka moja la zawadi katikati ya mji, lenye mlango wa kioo, kiyoyozi na friji ndefu. Mdogo wangu aliridhika pale pale mlangoni. Shada la mawaridi 12 mekundu, limefungwa vizuri kwa karatasi nyeusi na utepe wa dhahabu, shilingi 75,000. Niliomba kulishika. Waridi unalipima kwa vidole viwili, pale chini ya kichwa ambapo petali zinaungana na kikonyo. Bonyeza taratibu. Likiwa gumu kama ndimu changa, lina siku nyingi mbele yake. Likibonyea kama sponji, limezeeka hata kama juu linapendeza. Haya yalibonyea. Nikatazama petali za nje. Waridi jipya kwa kawaida huja na petali mbili tatu za nje zenye kovu au ukijani, zile zinazolinda tumba shambani. Muuzaji mwaminifu huziacha au huzitoa mbele yako. Haya yalikuwa yamebanduliwa hadi ndani, na ukihesabu vizuri unaona waridi limekonda. Nikamwomba msichana wa duka anionyeshe ncha za vikonyo. Zilikuwa za kahawia, na zinateleza.

Kilichonihuzunisha zaidi kilikuwa kwenye friji yenyewe. Rafu ya chini, chini ya maua, palikuwa na ndizi mbivu na maembe ya wafanyakazi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hiyo inayoivisha ndizi huliambia ua kwamba kazi yake imekwisha, lidondoshe petali. Ukifunga ndizi na maua kwenye friji moja ni kama kuyaharakisha kufa kwa umeme unaoulipia. Msichana yule hakuwa na kosa, hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza mzigo umeingia lini, alisema, "Wiki hii hii, dada." Hakutaja siku. Tukashukuru, tukatoka.

Muuzaji wa pili alikuwa wa mtandaoni. Mdogo wangu alimpata kupitia rafiki yake wa ofisini Mtumba. Picha zake zilikuwa nzuri sana, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikiuzwa hapa. Nilimwandikia nikamwomba anitumie video fupi ya maua aliyonayo leo, karibu na gazeti au kitu chochote cha leo. Akajibu kwamba maua yapo muda wote, nitume kwanza nusu ya malipo. Wapo wauzaji wa simu waaminifu, nawafahamu, na baadhi hawana hata fremu ya duka lakini mzigo wao ni safi. Huyu hakuweza kuonyesha ua moja. Hatukuendelea naye.

Mdogo wangu akaja na wazo la treni. Tangu SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, watu wengi wamezoea kuagiza vitu Dar na kuvipata siku hiyo hiyo. Binamu yetu alikuwa tayari kununua shada Dar Ijumaa na kulipakata mwenyewe hadi hapa. Wazo hili lilinivutia, nikalikalia kwa muda. Treni ni laini, ni ya haraka, na mtu anayeubeba mzigo kwenye mapaja yake ni bora kuliko buti la basi lolote. Lakini nilipofuata njia ya ua lenyewe, hesabu iligoma. Mawaridi mengi ya Dar nayo yanatoka Arusha. Yanasafiri zaidi ya kilomita 600 kushuka pwani, yanakaa kwenye joto la Dar siku moja au mbili, kisha yapande tena zaidi ya kilomita 400 kuja kwetu. Kasi ya treni haiwezi kurudisha siku ambazo ua limeshapoteza kabla ya kufika stesheni. Tena shada tungeliona kwa mara ya kwanza Ijumaa usiku, limeshalipiwa, na likiwa na kasoro hatuna pa kwenda.

Tulipita pia kwenye bustani moja ya miche kando ya barabara, tukaona waridi la kwenye chungu, lenye mizizi, kwa bei ndogo kuliko shada lolote. Ni zawadi nzuri. Lakini mama huyu anaishi peke yake na anapanga kwenda kukaa na mwanawe Mpwapwa kwa miezi miwili, baada ya kustaafu. Mche ungekauka kabla hajarudi.

Tuliyemchagua tulimkuta bila kumtafuta sana. Ni mama mmoja anayeuza chini ya mwarobaini, karibu na soko, ndoo sita za plastiki, hana friji, hana bango. Kwa macho ya mdogo wangu alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Nilimsalimia, nikamuuliza swali letu.

"Haya ni ya jana, Jumanne," alisema. "Mzigo wangu unaingia Jumanne na Ijumaa, kwa basi la Arusha. Shughuli yenu lini?"

"Jumamosi mchana."

"Basi leo msinunue, dada yangu. Mkichukua haya leo, Jumamosi yatakuwa yamefunguka yote. Niachieni kianzio, Ijumaa jioni nikipokea mzigo nawachagulia."

Mtu anayekukatalia pesa yako siku ya Jumatano ili ua lako lisikuaibishe Jumamosi ameshakujibu maswali yote uliyokuwa umeyaandaa. Hata hivyo nilikagua, maana heshima kwa muuzaji haiondoi wajibu wa kukagua. Maji ya ndoo yalikuwa meupe, hayanuki. Majani ya chini, yale ambayo yangezama, yalikuwa yameondolewa, kwa sababu jani likioza majini linalisha bakteria, na bakteria ndio wanaoziba vikonyo. Mawaridi ya jana yalibonyea kidogo tu.

Halafu akatuonyesha anakoyalaza. Nyuma ya kibanda kuna chumba kidogo cha matofali ya udongo, giza, na dirishani ametundika gunia la mkonge lililolowa, ncha yake imezama kwenye beseni la maji. Upepo wa Dodoma, huu huu tunaoulalamikia, unapita kwenye gunia, maji yanakuwa mvuke, hewa inaingia ndani imepoa. Niliingia, nikahisi tofauti kwenye mikono. Njia hii Dar haifanyi kazi hivyo, kwa sababu hewa ya pwani imeshajaa unyevu na haipokei mvuke zaidi. Ukavu unaokausha petali zetu ndio unaolifanya gunia lifanye kazi ya friji. Mama huyu hakulisoma popote, aliona mama yake akipooza maji ya mtungi kwa namna hiyo.

Maji nayo alikuwa ameyafikiria. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na waridi halipendi chumvi, linakunywa kidogo na kingo za petali zinaungua. Kwa mawaridi hutumia maji ya kunywa ya dumu, kwa maua mengine hutumia ya bomba. Gharama hiyo ameiweka ndani ya bei, na bei yake bado ilikuwa shilingi 2,500 kwa waridi.

Tulikaa naye kwenye jiwe tukapanga shada. Mdogo wangu alitaka mekundu. Nilimuuliza kama angeweza kusimama mbele ya mama mkwe wake, na wazee wa ukoo wameketi, akiwa na mawaridi mekundu 12 mkononi. Alinyamaza. Rangi nyekundu kwetu imeshakuwa ya wapendanao, na ukwe una heshima yake. Akasema basi meupe yote. Muuzaji akamkatiza kwa upole: shada la krisanthemu nyeupe watu wengi wanaliona makaburini, na mtu anayestaafu asipewe kitu kitakachowafanya dada zake wanong'one. Tukakubaliana mawaridi kumi ya rangi ya pichi, krisanthemu za njano mafungu matatu, na majani mabichi ya kujazia.

Krisanthemu nilizisisitiza mimi. Watu wanazidharau kwa kuwa si waridi, lakini ndizo zinazobaki. Waridi zuri, likitunzwa, linakaa siku tano hadi saba kwenye nyumba zetu. Krisanthemu huweza kufika wiki mbili. Mstaafu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kwenda zamu anastahili kitu kilicho hai mezani wakati wiki ya kwanza ya ukimya inapopita.

Mawaridi yalikuwa 25,000, krisanthemu 30,000 kwa mafungu matatu, majani 5,000, karatasi na utepe 8,000. Jumla 68,000. Tulilipa kianzio 30,000 kwa simu, naye akaandika kwenye daftari lake siku, rangi na idadi.

Ijumaa basi lilichelewa. Lilitarajiwa kufika stendi ya Nzuguni jioni, likapata hitilafu njiani karibu na Kondoa, likaingia saa nne usiku. Muuzaji alinipigia mwenyewe: "Dada, mzigo umefika lakini umechoka. Njoo uone, usije ukasema nilikuficha." Tulikwenda. Boksi lilikuwa limewekwa kwenye buti, jirani na joto la injini. Krisanthemu zilikuwa salama. Mawaridi yalikuwa yameinamisha vichwa, karibu yote.

Mdogo wangu alitaka turudi kwenye duka la kioo asubuhi. Nilimzuia. Waridi likikaa bila maji, hewa inaingia kwenye mirija midogo ya kikonyo na kuiziba. Hata ukilirudisha kwenye ndoo, maji hayapandi. Shingo, ambayo bado ni laini, inakosa nguvu za kubeba kichwa. Likiwa limefika hapo kwa safari na siyo kwa uzee, mara nyingi linaokoka, na yale yalikuwa magumu vidoleni. Tuliyafanyia kazi palepale kwa taa ya simu. Kila kikonyo tulikizamisha kwenye beseni na kukikata humo humo ndani ya maji, mshazari, sentimita tatu hivi, kwa kisu kikali, kwa sababu mkasi butu unaiponda mirija. Kisha tukayafunga matano matano kwenye gazeti, kuanzia chini hadi juu ya vichwa, ili shingo zinyooke, tukayasimamisha kwenye maji vuguvugu yenye kina hadi karibu na vichwa. Maji vuguvugu hupanda upesi kuliko ya baridi. Tukayaacha kwenye chumba cha gunia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa hapo. Muuzaji alikuwa ameshafungua magazeti. Katika mawaridi 14 aliyokuwa amenitengea, kumi yalikuwa yamesimama kama askari, manne yamegoma. "Haya manne sikuuzii," alisema, akayaweka pembeni. Angeweza kuyaficha katikati ya shada, na mdogo wangu asingejua hadi jioni.

Shada lilifungwa saa nne asubuhi, vikonyo vikiwa vimevikwa pamba iliyolowa na mfuko wa nailoni chini ya karatasi. Mdogo wangu alikuwa ameita bodaboda. Nilimwambia hapana. Upepo wa pikipiki kutoka sokoni hadi Nkuhungu, kwenye jua la Oktoba, unakausha petali kuliko safari nzima ya kutoka Arusha. Tukapanda bajaji, mapazia yameshushwa, shada kwenye mapaja yangu.

Kwa heshima ya ukwe, aliyekabidhi ni binti. Mdogo wangu alisimama nyuma yake hatua mbili. Mama alilipokea kwa mikono yote miwili, akainamisha uso ndani ya maua, akakaa hivyo kwa muda. Alipoinua kichwa aliuliza kama kuna glasi.

Kuna jambo moja ningelifanya tofauti. Kianzio cha Jumatano nilikitoa bila kukubaliana na muuzaji nini kitatokea mzigo ukichelewa au usipofika. Uaminifu wake ndio uliotuokoa, siyo mpango wangu. Siku hizi ninapoagiza kwa ajili ya altare tunaandika kabisa kwenye daftari lake: basi likikosa, utanipa nini badala yake, na kabla ya saa ngapi utaniambia. Na ninamwomba azungumze na kondakta boksi likae juu, ndani, pamoja na abiria. Analipia kidogo zaidi, nami namwongezea.

Mawaridi yaliisha siku ya sita. Krisanthemu, binti wa mama mkwe alinipigia picha siku ya kumi na moja, bado za njano, kwenye chupa ya kioo karibu na dirisha. Kesho yake mama mwenyewe alinipigia. Alikuwa anakwenda Mpwapwa wiki ile, na pale njiani kulikuwa na mzazi, jirani yake wa zamani, aliyejifungua mapacha.

"Yule muuza maua wenu," aliniuliza, "mzigo wake unaingia siku gani?"

Nikamwambia Jumanne na Ijumaa.